Flashi ya gari na flashi ya memuari

Nusu ya memuari yangu niliipotezea ndani ya taksi ya mujomba wangu, Toyota IST, hapa Lubumbashi, juu ya kutafuta muziki.

Kwa wale hatujuane: mimi ni agronomi, A0. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo, nilibakiza kutetea tu. Wengi wenu munajua ile kipindi. Darasa hakuna tena, kazi hakuna bado, na nyumbani wanaanza kukuangalia na jicho ingine. Mujomba akaniambia: «Muipwa, hauwezi kukaa tu vile. Utachukua gari mangaribi, utaniletea makuta ya siku, yenye kubakia ni ya kwako.» Nikakubali. Asubui nilikuwa ninaandika, mangaribi ninabeba bantu.

Leo ninataka kuwaeleza namna gari inasomaka nyimbo kutoka kwenye flashi, juu ninaona wengi wetu tunalipa vijana wa kutia nyimbo, tunalipa fundi, tunanunua flashi ya tatu na ya ine, na hatujue kwa nini radio inakataa. Nitaeleza na yenye ilinifikia pia, juu vyote viwili vinaenda pamoja.

Tuanze na radio yenyewe. Magari mengi tunayotembeza huku yalitoka Japani, yakashukia Dar es Salaam, yakapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Yanakuja na radio yake ya kwanza. Sasa kule Japani FM ilikuwa inatumika kati ya 76 na 90 MHz. Huku kwetu radio zinapiga kati ya 87,5 na 108. Njo maana unanunua gari nzuri, unawasha radio, unazungusha mpaka mwisho, unasikia radio moja ao mbili tu, zingine zote hakuna. Radio haijaharibika. Iko inatafuta mahali hamna mtu. IST ya mujomba ilikuwa na ile radio, ya CD na kaseti, maandishi yote Kijapani, na hamna mahali pa kuingiza flashi.

Mujomba akafanya yenye kila mutu anafanyaka: akanunua modilateri, kale kadude ka kuchomeka kwenye tundu ya kuwashia sigara. Wengi wanafikiri inaunganishwa na radio kwa njia fulani ya siri. Hapana. Ile modilateri ni stesheni ndogo ya FM. Yenyewe njo inasoma flashi, inageuza fishie kuwa sauti, kisha inairusha hewani kwa nguvu kidogo sana, na radio ya gari inaidaka sawa vile inadaka stesheni yoyote. Basi ukiweka modilateri kwa 100 MHz na radio yako ya Kijapani inaishia 90, hautasikia kitu ata ukae mpaka asubui. Uko na nafasi moja tu, kati ya 87,5 na 90. Na kama katika ile nafasi kuna stesheni ya kweli karibu na antena yake, ukipita pale muhubiri anaingia katikati ya sebene. Wateja wanacheka, wewe unachagua namba ingine.

Tuliishi na ile modilateri miezi kazaa. Kisha mujomba akachoka, akanunua radio mupya ya Wachina, ya bei chini, yenye tundu ya USB mbele. Fundi akaiweka kwa dakika makumi tatu. Hapa niseme jambo moja juu ya nyuzi, kwa sababu litarudi. Nyuma ya zile radio kuna waya wa manjano, waya mwekundu na waya mweusi. Mweusi ni masa. Mwekundu unaleta moto pale tu unapozungusha funguo. Wa manjano unatoka kwa batiri moja kwa moja, moto wake haukatike, na kazi yake ni kulinda kumbukumbu ya radio: saa, stesheni, mwimbo ulifikia wapi. Fundi wetu, juu ya haraka, alifunga wa manjano pamoja na mwekundu. Radio ilikuwa inaimba vizuri, lakini kila mara ukizima gari inasahau yote, inaanzia kwa mwimbo wa kwanza. Taksi inazimwa mara ngapi kwa siku? Ule mwimbo wa kwanza niliuchukia. (Kuna mafundi wengine wanafunga mwekundu pamoja na wa manjano upande wa batiri. Pale radio haizimike kabisa na funguo, na asubui batiri imekufa.)

Sasa flashi.

Nilikuwa na flashi moja, ya GB 8, ya rangi ya bulu. Ndani kulikuwa dosie ya memuari: jaribio langu la mahindi, mbolea ya kuku ikilinganishwa na mbolea ya duka, matibabu 5, vitalu 4, maana yake viwanja vidogo 20. Urefu wa mimea, hesabu ya mahindi yaliyoota, picha, na uzito wa mavuno. Kando yake, dosie ya nyimbo. Munaweza kuniuliza kwa nini niliweka vyote pamoja. Juu nilikuwa na flashi moja, njo hivyo.

Nilipoichomeka katika radio mupya, ikaandika «Error». Nikachomoa, nikapuliza, nikarudisha. «Error». Lakini kwenye ordinatere ilikuwa inafunguka bila shida.

Sababu niliijua nyuma. Flashi si sanduku la kutupia vitu tu. Ndani kuna mupango, sawa vile shamba la jaribio liko na plani yake. Kuna mipango mbalimbali. Ya zamani na inayojulikana na karibu kila mashine inaitwa FAT32. Kuna exFAT, kuna NTFS ya Windows. Radio nyingi za gari, hasa hizi za bei chini, zinajua FAT32 tu. FAT32 iko na kasoro yake: haikubali fishie moja yenye kufika GB 4. Na mimi, miezi mbili mbele, rafiki yangu alitaka kunipa filme kubwa, ikakataa kuingia, akabadilisha flashi yangu kuwa NTFS na filme ikaingia. Niliangalia filme, nikasahau. Ordinatere inasoma NTFS. Radio haijui ni kitu gani.

Hii njo sababu pia watu wananunua flashi ya GB 64 na gari inaikataa. Flashi kubwa kuliko GB 32 mara nyingi zinatoka dukani na exFAT. Tena ukitaka kuibadilisha kwa dirisha la kawaida la Windows, mara nyingi FAT32 haionekane katika chaguo, inabidi programu ingine. Kwa gari nunua GB 8, 16 ao 32, inatosha na inabakia, nitawaonyesha hesabu.

Basi mimi nikaenda kwa kijana wa kutia nyimbo, wale wako na meza, ordinatere na baflu kando ya barabara. Akaichomeka, akaangalia, akasema: «Yaya, hii flashi gari haiwezi isoma. Tuiformate?»

Nikasema: «Formata.»

Neno moja. Nilikuwa ninaangalia gari, nilikuwa nimeiacha vibaya na polisi wa barabara alikuwa anaikaribia. Ilichukua segonde tano. Kisha akatia nyimbo zaidi ya 500, GB 3, nikalipa, nikaondoka na rumba. Radio ikasoma vizuri sana. Nilitembea siku mbili na furaha. Siku ya tatu asubui nilikaa niandike sura ya matokeo, nikaifungua flashi, nikakuta dosie moja tu: MUSIC.

Wenye kusoma agronomi watanielewa haraka. Formata ya haraka haichome shamba. Inang'oa vibao. Mahindi yako palepale, lakini hakuna tena anayejua kiwanja gani ni matibabu gani, na plani inasema shamba ni tupu. Kwa hiyo ordinatere ikitaka kupanda kitu kipya, inapanda popote, juu inaamini hamna kitu. Zile nyimbo 500 zilipandwa juu ya data yangu. Kuzisikiliza siku mbili hakukuharibu kitu, kusoma hakuandike. Kilichoniua ni zile GB 3 za kwanza.

Kama jambo hili linakupata, acha kuandika kitu chochote juu ya ile flashi, chomoa, tafuta mutu anayejua programu za kurudisha fishie. Mimi nilisaidiwa na PhotoRec, haiuzwe, ni ya bure. Inapita kila pembe ya flashi ikitafuta alama za mwanzo wa fishie, bila kuangalia plani. Inarudisha yenye inaona, lakini bila majina: herufi moja na namba ndefu nyuma yake. Ilinirudishia mamia ya fishie. Nyingi zilikuwa zile nyimbo mupya. Picha za shamba zilirudi karibu zote. Tablo ya urefu wa mimea ikafunguka, nzima. Tablo ya mavuno ilirudi pia, nikapiga makofi, nikaifungua: alama za ajabu tu, juu mpaka chini.

Niliokolewa na daftari la shamba, lile la karatasi, na udongo wake. Lakini daftari lilikuwa na vitalu 3. Siku ya kuvuna kitalu cha ine ilinyesha, nikaandika uzito katika simu, mangaribi nikaingiza kwenye tablo, kisha nikafuta katika simu. Viwanja 5. Kwa mutu wa mbali ni namba tano tu. Lakini na vitalu 4 na matibabu 5, nilikuwa na digrii 12 za uhuru kwa kosa la jaribio. Na 3, zinabaki 8. Nilikuwa nimeshafanya hesabu mara moja mbele ya ile siku, na tofauti kati ya mbolea ya kuku na mbolea ya duka ilionekana wazi. Na vitalu 3, haikuonekana tena. Direkta wangu hakunitukana. Aliniambia: «Andika yenye uko nayo, na eleza kwa nini kitalu kimoja hakipo.» Nilitetea katika sesio ya pili, na katika ukurasa wa metodi kuna sentensi moja inayosema data za kitalu cha ine zilipotea. Haisemi zilipotea wapi.

Turudi kwa nyimbo, kuna mambo bado.

Fishie gani gari inasoma? MP3, karibu zote. Hii ilitoka Ujerumani, kazi ya wajuzi wa Fraunhofer na wenzao, na lile jina la .mp3 lilichaguliwa mwezi wa saba 1995. Werevu wake ni kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizikamate vizuri. CD inatumia karibu kilobiti 1411 kwa segonde. MP3 ya kawaida 128, maana yake mara kumi na moja chini. Chukueni kalamu: kilobiti 128 ni karibu MB 1 kwa dakika. Flashi ya GB 8 inabeba basi dakika karibu 8000, zaidi ya saa 130. Ukichukua nyimbo za 320, ni MB 2,4 kwa dakika, unabakia na saa karibu 55. Kati ya Lubumbashi na Likasi ni kama kilometre 120. Utaenda na kurudi mara nyingi mbele ya kusikia mwimbo mara mbili. Flashi ya GB 64 unaitafutia nini?

Na musiamini kijana anayesema «nimezigeuza zote kuwa 320, sauti itakuwa nzuri». Kama mwimbo ulikuwa 128, yenye ilitupwa ilitupwa. Unapata fishie kubwa yenye sauti ileile. Ni sawa na kumwaga maji katika mafuta ili chupa ijae.

Kosa lingine ninaliona sana: mutu anapakua video, ni .mp4, anabadilisha jina tu, anaandika .mp3 mwisho, anafikiri imekuwa mwimbo. Kubandika kibao cha mahindi kwenye muhogo hakutafanya muhogo kuwa mahindi. Radio itaruka ile fishie ao itakwama palepale. Inabidi kugeuza na programu. Vilevile sauti za WhatsApp: zile unazorekodi kwa kubonyeza mikro ziko .opus, radio nyingi za gari hazizisome. Mama mumoja mteja alinipa sauti za kwaya ya kanisa lao nizipige, zote zilikuwa vile. Nilimugeuzia nyumbani, akanipandia gari mwezi muzima.

Sasa mupango wa nyimbo. Unaziona kwenye ordinatere zimepangwa A mpaka Z, unafika kwa gari, zinapigwa ovyo. Sababu ni kwamba ordinatere inazipanga kabla ya kukuonyesha. Radio nyingi hazijisumbue: zinasoma kwa mupango ule fishie ziliingia katika flashi, wa kwanza kuandikwa njo wa kwanza kupigwa. Ukifuta mwimbo mumoja na kutia mwingine, mupya unaweza kukaa katika nafasi ya ule uliofutwa. Kwa hiyo, ukitaka mupango wako, andika namba mbele ya jina, 01, 02, 03, si 1, 2, 3, juu kwa mashine nyingi 10 inakuja mbele ya 2. Kisha futa yote na uzinakili upya, moja kwa moja kwa mufuatano. Na usiweke nyimbo 2000 katika dosie moja. Radio za bei chini ziko na mwisho wa hesabu yake, zikifika pale zinajifanya hazijaona zingine. Gawa kwa dosie: rumba, injili, za zamani.

Virusi pia. Ukirudisha flashi kutoka kwa meza ya nyimbo na ukute dosie zako zote zimekuwa vikato, kila moja na kamshale kadogo, usibonyeze. Dosie za kweli mara nyingi ziko ndani, zimefichwa tu. Virusi havidhuru radio, lakini vinangojea ordinatere yako. Na zile flashi za barabarani zimeandikwa «2 TB» kwa bei ya mikate tatu: zinadanganya ordinatere juu ya ukubwa wake. Unatia nyimbo, majina yanaonekana, kisha nyingi hazipige. Programu H2testw inaijaza yote na kuisoma tena, inakuambia ukweli. Fanya hivyo mbele ya kuiamini na kitu chochote.

Leo niko na flashi mbili. Ya bulu inakaa ndani ya gari, nimeiandika na marikeri: MUZIKI. Ingine haitoki nyumbani, na ata vile, yenye iko ndani iko pia kwa ordinatere ya dada yangu na katika barua pepe yangu. Daftari la shamba, hilo ninaandika mpaka leo na kalamu ya risasi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mujomba ni mutu wa za zamani. Anapenda Mwenda wa Bayeke, yule mupiga gitaa ambaye Hugh Tracey alimurekodi 1952 pale Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wakati ule upande mumoja wa diski ulibeba dakika tatu, ine, basi. Nilimuwekea dosie yake mwenyewe, namba 01 mpaka 24. Lakini kwa sababu ya ule waya wa manjano alikuwa anasikia 01, 02, 03, anazima gari, 01 tena. Mwezi uliopita nilitoa radio mwenyewe, nikatenganisha nyuzi mbili, nikapeleka wa manjano kwa moto wa batiri na fizi yake, nikafunga vizuri na skochi ya umeme. Kesho yake alinipigia simu saa kumi na mbili ya asubui.

«Muipwa, gari imeanzia kwa namba 17. Kuna kitu umeharibu?»